Kazi ya Mchana, Darubini ya Usiku

Kwa miaka minne ya mwanzo sikumwambia mwenzangu hata mmoja kwamba kazi inayonilisha ni kutunza ghala. Tulikuwa watu wapatao thelathini, kila mmoja akipenda kutazama nyota kwa darubini yake mwenyewe bila kulipwa na mtu, na tulizoea kuandikiana zaidi nyakati za mawingu, kwa kuwa usiku ukiwa safi hakuna mwenye nafasi ya kuandika. Tulijuana kwa vipimo vya vioo vya darubini zetu kabla ya kujuana kwa majina. Huyu alikuwa "yule wa milimita 250", yule alikuwa "mtu wa Zohali", na mimi nilikuwa "anayeuliza sana". Kwa kusoma maelezo yao nilijijengea picha kwamba wote ni wahadhiri, madaktari na wahandisi, watu wanaotamka majina ya Kigiriki ya nyota bila ulimi kujikwaa, nami nikaona haya kusema kwamba mchana wangu hupita katikati ya marundo ya makatoni nikihesabu bawaba na skrubu.

Nje ya kundi hilo hali haikuwa bora. Ukisema katika Kiswahili kwamba unashughulika na unajimu, msikilizaji hudhani unatabiri bahati, na hapo hapo hukutajia mwezi aliozaliwa. Nimeshajaribu kusema falaki, nimejaribu elimu ya nyota, na mwishowe nikazoea kusema tu kwamba natazama angani usiku, jambo ambalo watu hulipokea kwa huruma.

Ukweli kuhusu kazi zetu ulitoka wiki moja mvua ilipokataa kukatika na mazungumzo kuishiwa na mada. Mmoja wetu alipendekeza kila mtu aseme anafanya nini mchana. Mtu wa Zohali alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Yule ambaye daftari lake tulilitumia kama kielelezo kwa wageni alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Alikuwapo fundi wa kupaka rangi magari, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, fundi anayetengeneza meno ya bandia, mhandisi wa madaraja, mwandishi wa programu za kompyuta, wastaafu kadhaa, na mama mmoja aliyeanza kwa kuomba radhi kwamba yeye hana kazi, kisha akaeleza kuwa analea watoto watatu na hutazama nyota baada ya mdogo kulala, kati ya saa nne na saa sita. Mhadhiri alikuwa mmoja tu, naye alifundisha historia. Nilipoandika kwamba mimi ni mtunza ghala, hakuna aliyeshangaa. Nilichopata ni swali kutoka kwa muuguzi: "Kumbe ndiyo maana unahesabu kila kitu?"

Swali hilo nitalirudia baadaye, kwa sababu kabla yake nina kosa la kueleza. Wakati huo nilikuwa nimeshalilipa, ila nilikuwa bado sijalielewa.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeamua kusaga kioo changu mwenyewe. Darubini ya kioo si kitu cha ajabu: ni kioo cha duara kilichochimbwa kidogo katikati, kikapakwa utando mwembamba wa alumini, kikawekwa chini ya bomba ili kikusanye mwanga na kuurudisha juu. Changu kilikuwa cha milimita 200 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga wa nyota unapokutana, wa milimita 1200. Kwa kioo cha aina hiyo shimo lote la katikati ni milimita 2 na chembe, nalo hupatikana kwa kusugua kioo juu ya diski nyingine iliyobandikwa vigae huku katikati kukiwa na maji na unga mkali wa kusagia. Unaanza na unga wa namba 80, ambao chembe zake ni kama za mchanga, unashuka hadi 120, 220, 320, 500, kila hatua ikifuta vishimo vilivyoachwa na hatua iliyotangulia, mpaka kioo kionekane kama kimepuliziwa pumzi. Hapo ndipo unabadilisha diski, unaweka lami badala ya vigae, unga badala ya kusaga unakuwa wa kung'arisha, na unaanza kazi ambayo makosa yake hayatakiwi kuzidi sehemu moja ya elfu kumi ya milimita.

Niliomba ushauri nikapata wa watu wawili. Mmoja aliandika kwa mpangilio, akaweka milinganyo, akaeleza jinsi ya kushika mkunjo wa kioo usikimbie. Kuhusu usafi aliandika sentensi moja tu, kwamba nisuuze kwa maji kila ninapobadilisha unga na niendelee. Mwingine aliandika barua ndefu isiyo na mlinganyo hata mmoja. Alinitaka nibadilishe nguo kila hatua, nitupe sponji na kitambaa, nioshe kuta za karai na si sakafu yake tu, nifunike meza kwa karatasi mpya, nilowanishe sakafu ya chumba kabla ya kuanza, nikate kucha, na kama inawezekana nihamie chumba kingine kwa ajili ya kung'arisha. Barua hiyo ilinichosha. Nilimfuata wa kwanza, kwa sababu aliandika kama msomi.

Usiku wa tatu wa kung'arisha nilisikia sauti nyembamba, kama ukucha unaoburutwa juu ya sahani. Anayeisikia sauti hiyo hujua mkono ungepaswa kusimama nusu sekunde kabla. Nilipokiosha kioo na kukipandisha kwenye taa niliona mikwaruzo mitatu, miwili ya juu juu na mmoja wa kina uliotoka karibu na ukingo ukapinda hadi katikati. Chembe moja ya namba 80, isiyozidi robo ya milimita, ilikuwa imejificha mahali fulani kwa wiki sita, ikangoja. Kwa haki niseme kwamba mkwaruzo mmoja mwembamba hauharibu picha ya nyota kwa kiasi cha kuonekana, na wako wengi ambao wangeuacha. Ule wa kina sikuweza kuuacha. Nilirudi hadi namba 220 na miezi miwili ya kazi ikapotea.

Nilipoeleza yaliyonipata, mwandishi wa ile barua ndefu hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Ndugu yangu, kucha ulikata?"

Sikuwa nimekata.

Wiki ya mvua ndiyo iliyonionyesha wao ni nani. Aliyeandika milinganyo alikuwa mhandisi wa madaraja, mtu hodari na mkweli, ambaye katika kazi yake nusu ya milimita ni kitu cha kuchekwa na vumbi ni sehemu ya hali ya hewa. Aliyeniandikia kuhusu kucha alikuwa mpaka rangi magari. Kwa miaka kumi na tisa ameishi katika chumba ambamo punje moja ya vumbi, ikitua juu ya rangi mbichi ya mlango mweusi, inamaanisha kupiga msasa upya na kumweleza mwenye gari kwa nini hatalichukua leo. Alijua kwamba vumbi haliondoki kwa kusuuzwa, huhama tu. Alijua kwamba nguo ya sufi hairuhusiwi kuingia. Alijua kulowanisha sakafu na kupitisha kitambaa chenye gundi mara ya mwisho kabla ya kupuliza. Yote aliyoniandikia yalikuwa kazi yake ya mchana, ila hakutaja gari, nami kwa kutojua nilidhani ni mtu mwenye wasiwasi kupita kiasi.

Tangu hapo nimekuwa na tabia ambayo wengine huiona ni udadisi. Mtu akinipa ushauri kuhusu darubini, huuliza anafanya kazi gani, kisha huuliza swali la pili, ambalo ndilo lenye manufaa: katika kazi yako, kosa dogo kabisa linaloweza kukugharimu lina ukubwa gani? Jibu la swali hilo limenifaa kuliko vyeti. Fundi wa meno ya bandia, kwa mfano, ndiye aliyenifundisha kumimina diski ya kusagia. Diski ile hutengenezwa kwa plasta iliyobandikwa vigae juu yake, na plasta ya kawaida hunyonya maji ikalegea katikati ya kazi. Yeye aliniambia nitumie ile ngumu wanayotumia kumiminia mifano ya taya, niweke unga ndani ya maji badala ya maji ndani ya unga, nikoroge bila haraka nisivute hewa, halafu nigongegonge meza kwa dakika nzima ili mapovu yapande. Niliyatazama mapovu yakija juu moja moja yakipasuka, kama uji ulioanza kuchemka, na diski iliyotoka ililia kama chungu nilipoigonga kwa kidole. Ninayo hadi leo.

Kipo kipimo kimoja katika kazi hii ambacho kila mtu angepaswa kukiona mara moja maishani. Mwaka 1858 Mfaransa Léon Foucault alieleza namna ya kukagua kioo kwa taa ndogo na ukingo wa kisu: unaweka taa mahali mwanga unaporudi, unaukata mwanga huo kwa wembe pole pole, na uso wa kioo unaoonekana kuwa sawa kabisa unageuka mbele ya macho yako kuwa nchi yenye vilima na mabonde. Usiku nilipomwonyesha mwalimu wa hesabu kioo changu kwa njia hiyo, nilimwambia akiguse kwa kidole gumba kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha atazame tena. Pale alipogusa palikuwa na kichuguu. Joto la kidole lilikuwa limevimbisha kioo kwa kiasi ambacho hakuna rula ingeweza kukipima, na tulikaa tukikitazama kikizama taratibu hadi uso ukatulia. Wiki iliyofuata aliwapeleka wanafunzi wake taa, wembe na kioo cha kunyolea chenye mbonyeo. Hakuzungumza nao habari za nyota hata kidogo. Aliwafundisha upanuzi wa vitu kwa joto.

Niliyoyaona katika kundi letu dogo yamo katika historia ya elimu hii tangu zamani, na baada ya kujua kazi za wenzangu nilianza kuisoma historia hiyo kwa jicho la mtu anayetafuta riziki za watu. William Herschel, aliyeiona sayari ya Uranus tarehe 13 Machi 1781, alikuwa mwanamuziki aliyepiga kinanda kanisani na kufundisha wanafunzi muziki katika mji wa Bath, Uingereza, na darubini aliyotumia aliitengeneza mwenyewe. Dada yake Caroline, aliyekuwa mwimbaji, ameandika kwamba siku moja kaka yake aling'arisha kioo kwa saa 16 bila kuondoa mikono, naye ikambidi amlishe mdomoni. Mtu aliyezoea kurudia kipande kimoja cha muziki mpaka kikae sawa sioni kwa nini angechoka kurudia mzunguko mmoja wa mkono. William Lassell, aliyeuona mwezi wa Triton mwaka 1846, siku 17 tu baada ya sayari ya Neptuni yenyewe kugunduliwa, alikuwa na kiwanda cha bia. Karl Hencke alikuwa mtu wa posta. Alitafuta kwa miaka 15 kabla ya kuipata Astraea, asteroidi, yaani mwamba mdogo unaozunguka jua, mwaka 1845, na ukifikiri juu ya mtu ambaye maisha yake yote amepanga barua kwa anwani, utaona kwamba kugundua nukta moja isiyo mahali pake kati ya nukta maelfu si jambo geni sana kwake.

Wajapani wawili, Kaoru Ikeya na Tsutomu Seki, waliiona nyota mkia moja asubuhi moja ya Septemba 1965, kila mmoja akiwa peke yake, wakipishana kwa dakika chache. Wiki chache baadaye ilipopita karibu na jua iling'aa mpaka ikaonekana mchana. Ikeya alifanya kazi katika kiwanda cha piano na darubini yake alikuwa ameiunda kwa mikono yake; Seki alifundisha gitaa. Thomas Bopp wa Marekani, ambaye jina lake limo katika nyota mkia ya Hale-Bopp, alifanya kazi katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, na usiku wa Julai 1995 alipoiona hakuwa hata na darubini. Alikuwa amechungulia katika ya rafiki yake. Robert Evans wa Australia alikuwa mchungaji wa kanisa. Alikariri sura za galaksi nyingi kiasi kwamba nyota mpya ikilipuka ndani ya mojawapo aliitambua kwa jicho tu, kama mchungaji anavyotambua uso mgeni kwenye viti vya nyuma, na kwa njia hiyo alizipata supanova zaidi ya 40.

Anayenigusa kuliko wote ni Milton Humason. Aliacha shule akiwa mdogo, akawa mswaga nyumbu waliopandisha vifaa hadi kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson huko California, kisha mwaka 1917 akaajiriwa hapo kufanya usafi. Alianza kusaidia wataalamu usiku, akaonekana kuwa na mkono mtulivu, akaingizwa katika orodha ya watumishi wa kisayansi, na hatimaye ni yeye aliyekaa kwenye baridi usiku baada ya usiku akipiga picha za mwanga wa galaksi hafifu ambazo mwanafalaki Edwin Hubble alizihitaji ili kuonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia kwa kasi zaidi. Sidai kwamba kuswaga nyumbu ndiko kulikomfunza hayo. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kumpandisha mnyama mkaidi kwenye njia ya mlima gizani ana akiba ya subira ambayo mhitimu wa kawaida hutumia miaka kuitafuta.

Sasa lile swali la muuguzi. Tangu mwaka 2007 nilikuwa nikiifuatilia nyota iitwayo R Coronae Borealis, ambayo kwa kawaida huonekana kwa darubini ndogo ya mkononi, lakini mara nyingine, bila ratiba, hujifunika kwa masizi yake yenyewe ya kaboni na kufifia mara maelfu. Mwaka huo ilififia na haikurudi upesi kama ilivyozoeleka. Ilipita miaka. Wengi waliiacha, na mhandisi wetu aliniambia, kwa nia njema, kwamba usiku unaomalizika bila kuiona nyota ni usiku uliopotea. Lakini mimi daftarini niliandika tarehe, saa, na maneno haya: haionekani, ni hafifu kuliko nyota ya kulinganishia yenye mng'ao wa 12.4. Katika vipimo hivyo, namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi. Usiku uliofuata niliandika vivyo hivyo. Nina kurasa za maneno hayo.

Sikufanya hivyo kwa sababu ya elimu yoyote ya falaki. Nilifanya kwa sababu ya kadi za ghalani. Kila bidhaa ina kadi yake, na rafu ikiwa tupu mtunza ghala huandika sifuri, kwa kuwa kadi isiyoandikwa kitu haisemi kwamba mali imekwisha. Inasema kwamba hakuna aliyehesabu. Karani mpya huchukua muda kulielewa hilo. Huona ni upuuzi kupanda ngazi hadi rafu anayojua haina kitu ili ateremke aandike kwamba haina kitu. Nami nilikuwa na miaka mingi ya kupanda ngazi hiyo. Kumbe wale wanaokusanya takwimu za nyota zinazobadilika mng'ao wanayahitaji mno maandishi kama yale, kwani bila hayo hakuna ajuaye nyota ilianza kurudi lini. Chama cha Marekani kinachokusanya takwimu hizo, AAVSO, kilianzishwa mwaka 1911 na William Tyler Olcott, naye alikuwa mwanasheria. Nadhani mwanasheria pia anajua thamani ya shahidi anayesema "nilikuwapo na sikuona kitu".

Na kabla yake alikuwapo Heinrich Schwabe, mfamasia wa mji wa Dessau, Ujerumani. Kuanzia mwaka 1826 alitazama jua kila siku iliyokuwa wazi, akitarajia kuiona sayari isiyojulikana ikipita mbele yake. Sayari hiyo haikuwapo. Alichokuwa nacho ni hesabu ya madoa ya jua ya siku hata siku, pamoja na siku zisizo na doa lolote, na mwaka 1843 hesabu hiyo ilimwonyesha kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 10. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Mfamasia ni mtunza ghala mwenye mizani.

Muuguzi naye alikuwa na lake. Tulipolinganisha madaftari niligundua kwamba yeye huandika saa kwanza, kabla ya kuandika alichokiona, na kwamba hajazi kamwe kwa kumbukumbu jambo alilosahau kuandika usiku. Pengo hulipigia mstari na kulitia sahihi. Nilimuuliza sababu, akaniambia kwamba wodini saa ya kutoa dawa huandikwa dawa inapotolewa, kwani saa tisa za usiku akili huanza kutunga mambo bila mwenyewe kujua. Dereva wa lori yeye alituwekea sharti ambalo mwanzoni tulilipinga: anayemaliza kutazama alfajiri asishike usukani kabla ya kulala walau saa moja. Ndiye pekee kati yetu aliyejua usingizi wa barabarani unavyokuja, kwamba hauji kama uchovu bali huja kama utulivu.

Lakini kazi haileti ujuzi tu. Huamua pia nani anapata usiku gani. Wenye kazi za ofisini wana jioni za Ijumaa na Jumamosi, na mwezi mpevu ukiangukia hapo wanapoteza wiki mbili za giza. Wenye zamu hupata usiku wa Jumanne usio na mwezi wakati wengine wamelala, ila hupoteza vikao vyote. Wastaafu wana nyakati zote, na macho yaliyoanza kuwa na ukungu. Mama wa watoto watatu alizigeuza zile saa mbili zake kuwa mpango: alichagua nyota maradufu, yaani nyota mbili zilizo karibu mno hata zikaonekana kama moja, zinazohitaji dakika kumi kila jozi, akaziacha galaksi hafifu kwa wenye nafasi ya kuzoesha macho giza kwa nusu saa. Miaka sita baadaye alikuwa na orodha iliyotushinda wote.

Yuko mwenzetu mmoja aliyeacha ukarani ili asage vioo vya kuuza. Tulimshangilia, nami nilikuwa wa kwanza. Alikuwa na mkono mzuri na maagizo yalimjia mengi. Baada ya miaka miwili nilimuuliza ameona nini siku hizo, akanyamaza, kisha akasema kwamba tangu aanze biashara hajatazama angani isipokuwa kukagua mali ya mteja, na kwamba kila kioo anachokishika anakiona kama deni. Herschel naye alitengeneza darubini za kuuza kwa miaka mingi, hata baada ya mfalme kumpa posho, na bado usiku alitazama. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba jambo hilo haliwezekani. Mwenzetu alirudi kwenye ukarani. Sasa husaga kioo kimoja kwa mwaka na humpa amtakaye.

Na yuko mwingine ambaye hata wiki ile ya mvua hakusema anafanya nini, wala hajasema hadi leo. Vipimo vyake vya mng'ao havijawahi kukosewa. Mmoja wetu, aliyependa kujua cheo cha mtu kabla ya kumjibu, aliwahi kumbana, nasi tukamwambia aache. Kuuliza kazi ya mtu ili umpe nafasi ya kukusaidia ni jambo jema. Kuiuliza ili ujue umkalishe wapi ni jambo ambalo mimi mwenyewe nililifanya kimoyomoyo nilipoisoma barua ya mpaka rangi, na miezi miwili ya kusaga upya ilikuwa adhabu ndogo.

Mwezi uliopita alitujia kijana aliyeomba aruhusiwe kukaa pembeni atazame tunavyofanya. Nilimuuliza anafanya kazi gani. Akainamisha kichwa akasema, "Mimi ni fundi cherehani tu." Nilimwonyesha darubini kubwa ya rafiki yetu, ile isiyo na bomba, yenye nguzo nane zinazofunikwa kwa kitambaa cheusi ili mwanga wa pembeni usiingie. Kwa miaka mitatu kitambaa kile kimekuwa kikilegea kila usiku ukisonga na kuingia katika njia ya mwanga, na sisi sote tumekuwa tukikivuta kwa vibanio vya nguo. Kijana alikishika upindo, akaupindua, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada akiwa hatazami, kisha akauliza kama kinapata umande. Nikamwambia kinapata. "Mmekikata mshazari, bila kufuata uzi," akasema, "na pamba ikilowa lazima ishuke. Mna mkasi?"